Je, Wajua? Kioo cha Gari Kinachotafuta Kaskazini

Ukitoka mjini Kericho kwenda Litein, mashamba ya chai kulia na kushoto, unaelekea kusini huku ukivutwa kidogo upande wa magharibi. Ukifika Kaplong ukakata kushoto kwenda Bomet, uso wa gari unageukia mashariki na kusini-mashariki. Kwa mwenye kioo cha kutazamia nyuma kilichotiwa dira ndani, barabara hiyo ni mtihani wa bure: kioo kionyeshe S au SW hadi Kaplong, kisha E au SE. Kikishikilia N safari nzima, kuna jambo. Ila mara nyingi jambo lenyewe si ubovu.

Dira hii haina sindano. Ina chipu ndogo inayopima sumaku ya dunia, kisha inachagua herufi moja, au mbili zilizounganishwa, kati ya pande nane. Kila upande umebeba digrii 45, kwa hiyo usitegemee ikupigie hesabu za rubani. Utaikuta kwenye Jeep na Volvo kadhaa, na kwenye magari mengi yaliyotengenezewa soko la Marekani. Kwa kawaida imo ndani ya kioo kinachojitia giza chenyewe taa za gari la nyuma zinapokumulika. Vioo vya aina hiyo vilipewa umaarufu na Gentex ya Zeeland, Michigan, kampuni iliyoanza mwaka 1974 ikitengeneza vitambua-moshi, na mwaka 1987 ikaleta kioo chenye jeli ya kemikali kati ya tabaka mbili za glasi. Umeme ukipita, jeli inakuwa nyeusi.

Wenye gari wa Kericho na Bomet wana bahati ambayo dereva wa London hana. Mistari ya sumaku ya dunia huko London imeinama kwa digrii zipatazo 66. Hapa kwetu, karibu na ikweta, haifiki hata 30. Gari likipanda mlima wa digrii 10 likielekea mashariki, dira isiyojirekebisha mwinamo inaweza kupotoka kwa zaidi ya digrii 20 kule London, na hapa kama digrii 5 hivi. Kwa hiyo usikubali fundi akikuambia milima ndiyo iliyoharibu dira yako.

Anayestahili kushukiwa kwanza ni sumaku iliyo ndani ya gari: kishikio cha simu kwenye dashibodi, antena ya kubandika paani, spika kubwa. Viondoe, kisha uifundishe dira upya. Katika vioo vingi unabonyeza kitufe mpaka C au CAL itokee, halafu unaendesha polepole, chini ya kilomita 8 kwa saa, ukizunguka duara mbili au tatu mpaka alama ipotee. Tafuta mahali pa wazi. Sehemu ya kugeuzia lori kwenye kituo cha kununulia majani chai inafaa, mradi ukae mbali na banda la mabati na nguzo za umeme. Uwanja wa kituo cha mafuta haufai, chini yake kuna chuma tele.

Kuna pia suala la kanda. Vitabu vya magari ya Marekani vinagawa nchi yao kanda 15, kwa sababu kaskazini ya sumaku na ile ya ramani hazilingani. Gari lililowekwa kanda ya Seattle litakosea kwa digrii kumi na kitu likifika Kericho, ambako tofauti hiyo ni karibu sifuri. Kwenye magari ya GM, kanda ya 8 ndiyo inayotoka kiwandani, na ndiyo ya kujaribu kwanza.

Kama skrini haiwaki kabisa, tafuta umeme kabla ya kununua kioo. Angalia fyuzi, kisha pima soketi kwa mita: ufunguo ukiwa umewashwa, ziwepo volti 12 hivi. Waya mmoja huleta habari ya gia ya rivasi, ili kioo kisijitie giza unaporudi nyuma; habari hiyo ikikwama kwenye rivasi, giza haliji hata usiku wa mvua. Na kama windskrini ilibadilishwa majuzi, baada ya kugongwa na jiwe la murram, huenda soketi haikurudishwa vizuri.

Kioo cha kubadilishwa bila mjadala ni kile chenye madoa ya kahawia au povu ndani ya glasi: jeli inavuja. Inakula plastiki na rangi, basi vaa glavu na ufunike dashibodi.

Ukinunua cha mtumba, hesabu pini za soketi na ulinganishe kishikio cha windskrini. Vingine vinateleza kwenda juu, vingine vina skrubu, vingine vinazungushwa, na kulazimisha kunapasua windskrini. Kijaribu dukani kikiwa na umeme: ziba kwa kidole jicho linalotazama mbele, mulika la nyuma kwa tochi ya simu. Kisipogeuka cheusi, kirudishe rafuni. Kibati cha kishikio kikibanduka, tumia gundi maalum ya vioo vya magari, si ile ya viatu, na uiache ikauke usiku kucha kabla ya kuning'iniza chochote.