Bunge Linaloaga: Mbinu za Kutunga Sheria Baada ya Uchaguzi, na Tatizo la Jina Lake

Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu mmoja alipewa kazi ya kufasiri habari ya gazeti iliyohusu Bunge la Marekani. Alipofika mahali palipotajwa kikao kifanywacho na wabunge wa zamani baada ya uchaguzi, kabla wapya hawajaapishwa, aliandika "kikao cha bata kilema". Nilimsomea mzee mmoja wa Tanga tafsiri ile, naye akaniuliza kwa utulivu, "Mwalimu, bata huyo kaingiaje Bungeni?" Swali lake lilikuwa la haki. Lakini jina halipatikani kabla jambo lenyewe halijaeleweka; kwa hiyo nitaeleza kwanza kikao hicho na mbinu zake, kisha nitarudi kwenye lugha.

Chanzo cha jambo hili ni pengo lililopo baina ya siku ya kura na siku ya kiapo. Nchini Tanzania Bunge huvunjwa kabla ya uchaguzi mkuu. Nchini Kenya, kwa Katiba ya 2010, muda wa Bunge hukoma siku ile ile ya uchaguzi. Marekani haiko hivyo. Hapo zamani wananchi walipiga kura mwezi wa Novemba, na Bunge la zamani, ambalo kwao huitwa Kongresi, liliendelea mpaka Machi 4. Badiliko la 20 la Katiba, lililopiganiwa na Seneta George Norris wa Nebraska na kuthibitishwa mwaka 1933, liliisogeza siku hiyo nyuma hadi Januari 3. Pengo likapungua, lakini halikuzibwa.

Mbunge aliyemo katika pengo hilo ana kura ile ile aliyokuwa nayo jana, ila hana tena mpiga kura wa kumwogopa. Wahenga walisema: Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Mbinu zote za kikao hiki zatokana na hali hiyo, pamoja na kanuni moja ya kalenda: mswada usiopitishwa kabla ya Kongresi kumaliza muda wake hufa, na katika Kongresi mpya hauna budi kuanzishwa upya. Basi wanaoondoka hufanya haraka, na wanaoingia hutaka kuchelewesha.

Mbinu ya kwanza ni kuweka watu mahali ambapo uchaguzi hauwafikii. Chama cha Federalist kilishindwa katika uchaguzi wa 1800. Mnamo Februari 13, 1801, Rais John Adams alitia sahihi sheria iliyoanzisha nafasi 16 za mahakimu wa maisha, naye akazijaza kabla ya kuondoka. Sheria hiyo hiyo iliagiza kwamba Mahakama Kuu ipunguzwe kutoka mahakimu 6 hadi 5 mara nafasi itakapokuwa wazi, ili Thomas Jefferson asipate nafasi ya kuijaza. Kongresi mpya iliifuta sheria hiyo mwaka 1802. Hapo twajifunza kwamba kilichofungwa kwa sheria ya kawaida hufunguliwa kwa sheria ya kawaida.

Mbinu ya pili ni kulifufua jambo lililokwisha kushindwa. Mwezi wa Juni 1864 badiliko la Katiba la kukomesha utumwa, ambalo Seneti ilikuwa imekwisha lipitisha, lilikosa theluthi mbili katika Baraza la Wawakilishi kwa kura 93 dhidi ya 65. James Ashley wa Ohio, aliyekuwa akilisimamia, aligeuza kura yake akawa upande wa waliolikataa. Hakuwa amebadili nia. Kanuni yasema kwamba aombaye shauri lifikiriwe tena sharti awe alipiga kura pamoja na upande ulioshinda. Basi Ashley aliushika mlango usifungwe. Baada ya uchaguzi wa Novemba, Rais Abraham Lincoln aliwaambia wabunge kwamba Kongresi ijayo ingelipitisha bila ya shaka, basi kwa nini kungoja? Mnamo Januari 31, 1865, wawakilishi wale wale walipiga kura 119 dhidi ya 56. Zilihitajika 117. Miongoni mwa waliobadili kura walikuwamo wajumbe wa upinzani waliokwisha kushindwa majimboni mwao, ambao sasa hawakuwa na la kupoteza.

Mbinu ya tatu ni kuwahi hesabu isiyopendeza. Mkataba wa Marekani na nchi nyingine wahitaji theluthi mbili za kura katika Seneti. Mwaka 2010 chama cha Rais Barack Obama kilipoteza viti vingi, nacho kikajua kwamba Januari kura zingekuwa haba zaidi. Mnamo Desemba 22, Seneti iliukubali mkataba wa kupunguza silaha za nyuklia baina ya Marekani na Urusi kwa kura 71 dhidi ya 26.

Mbinu ya nne, ambayo huchukiza wengi, ni kumfunga mikono mrithi. Huko Wisconsin, Gavana Scott Walker alishindwa mwezi wa Novemba 2018. Mnamo Desemba baraza la jimbo, lililotawaliwa na chama chake, lilipitisha sheria za kupunguza madaraka ya gavana aliyechaguliwa, Tony Evers, na Walker akazitia sahihi kabla ya kuondoka.

Sasa turudi kwa yule bata. Asili yake ni soko la hisa la London katika karne ya 18, ambako ndivyo alivyoitwa mfanyabiashara aliyeshindwa kulipa madeni. Baadaye Wamarekani walilichukua jina hilo wakawabandika wanasiasa. Katika Kiswahili mnyama huyo hana historia hiyo, na mfasiri anayemleta anamleta peke yake. Wengine husema "bunge lililoshindwa". Hilo nalo halifai, kwa maana mwaka 1864 chama cha Lincoln kilishinda, na wengi wa wabunge wa kikao kile walichaguliwa tena.

Jambo la kuangalia hapa ni viambishi vya wakati. Apingaye kikao husema "bunge lililokwisha". Akiteteaye husema "bunge linalokwisha". Ugomvi mzima juu ya uhalali wake umo ndani ya -li- na -na-. Mfasiri achaguaye kimoja bila kufikiri amekwisha kuhukumu kwa niaba ya msomaji. Kwa sheria, Kongresi ile ina nguvu kamili mpaka saa yake ya mwisho. Kwa hiyo -na- ndiyo kweli ya kisheria. Lakini yafaa neno lenyewe lionyeshe kwamba safari imekwisha kuamuliwa. Napendekeza "bunge linaloaga", na kwa kikao, "kikao cha kuaga". Mwenye kuaga bado yumo nyumbani, na sauti yake bado yasikika, ingawa mizigo iko mlangoni. Iwapo mtu atasema kwamba kuaga kwakumbusha mauti, nitamjibu kwamba miswada, kama tulivyoona, hufa kweli.

Wala haja hii si ya ng'ambo tu. Uganda ilifanya uchaguzi mwezi wa Januari 2021. Mnamo Mei 3 mwaka huo Bunge la zamani lilipitisha mswada wa makosa ya kujamiiana, huku wabunge wapya wakingoja kuapishwa. Baadaye Rais alikataa kuuidhinisha. Mtangazaji wa Kiswahili aliyehitaji kulitaja Bunge lile kwa neno moja hakustahili kuachwa na bata. Na mzee wa Tanga, nilipomtajia "bunge linaloaga", hakuuliza habari ya mnyama yeyote. Aliuliza, "Na wakati wa kuaga, wamechukua nini?" Hilo ndilo swali ambalo kila mwananchi anapaswa kuuliza.