Kidoko cha Kisandawe ndani ya gari

Mtu akinipakia ili nisikie redio yake mpya, kwanza hupandisha besi. Mimi huchomeka flashi yangu yenye simulizi la Kisandawe.

Kisandawe, lugha ya hapa Chemba, kina vidoko. Ulimi unanyonya na kuachia, na mlio huo ni konsonanti kamili kama p au k. Kidoko huzuka ghafla, hutoweka upesi, na kabla yake mara nyingi kuna kimya kifupi. Sijapata kipimo cha sauti kikali kuliko hicho.

Flashi ina nakala mbili za simulizi hilohilo. Moja haijabanwa, ina sampuli 44,100 kwa sekunde kama CD. Nyingine ni MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde. MP3 huchakata sauti kwa vipande vya takriban milisekunde 26 na kupunguza kile ambacho sikio lisingekinasa. Kwenye dansi lililojaa magitaa na ngoma, ujanja huo hufaulu. Kwenye kidoko, makosa ya kubana hutapakaa kipande kizima, hata pale ambapo ulimi haujaachia bado. Hapo husikika mchakacho mwembamba ukitangulia mlio.

Gari likiwa limeegeshwa, injini imezimwa, mchakacho huo naupata. Tukishika lami kwenda Kondoa kwa kilomita 80 kwa saa, unapotea. Kelele ndani ya gari la kawaida hukaribia desibeli 70, nyingi zikiwa ngurumo nzito za tairi na injini. Kidoko chenyewe bado kinapenya kwa kuwa kina nguvu kwenye masafa ya juu. Kinachofukiwa ni kile kimya cha kabla yake, na kasoro ilikuwa imejificha humohumo. Barabara ya vumbi ya Kwa Mtoro ndiyo usiseme.

Ukitaka kujipima, sawazisha kwanza sauti za nakala zote mbili, maana hata desibeli moja ya ziada hulifanya sikio liione nakala hiyo bora. Kisha abiria azibadilishe bila kukwambia ipi ni ipi.

Linaloniuma ni hili: vijana wanawarekodi babu zao, wanaibana rekodi ili itumike kwa simu, wanaisikiliza garini, wanaona iko sawa, kisha wanafuta ya awali. MP3 hairudishi ilichotupa. Iliyobanwa na iende safari. Ya awali ibaki nyumbani, kwenye diski mbili tofauti.