Embolia ya risasi

Embolia ya risasi ni hali ambapo risasi, marisau au kipande cha chuma kilichoingia mwilini kinapenya ndani ya mshipa wa damu na kuchukuliwa na damu hadi mahali pengine, mbali na jeraha. Hutokea kwa nadra: katika vita vya Vietnam madaktari wa jeshi la Marekani walihesabu visa 22 tu kati ya majeraha ya mishipa yapatayo 7,500. Hata hivyo, daktari asiyeikumbuka anaweza kumpasua mgonjwa mahali ambapo risasi haipo tena.

Risasi yenye kasi kubwa aghalabu hupita mwilini na kutokea upande wa pili. Inayosafiri ni ile ndogo iliyokwisha kuishiwa nguvu: inatoboa ukuta mmoja wa mshipa, lakini inashindwa kutoboa wa pili.

Ikiingia katika ateri kubwa, kama vile aota, mara nyingi huteremka hadi miguuni na kukwama pale ateri inapokuwa nyembamba. Mguu huuma, hupauka, huwa wa baridi na hauna mapigo. Ikielekea ubongoni, husababisha kiharusi. Ikiingia katika vena, hufika upande wa kulia wa moyo na pengine kwenye ateri za mapafu, mara nyingi bila dalili yoyote. Kuna wakati uzito wake huifanya irudi chini, kinyume cha mkondo wa damu.

== Utambuzi ==

Jambo la kwanza ni hesabu. Kila tundu la kuingilia linapaswa kuwa na tundu la kutokea au risasi inayoonekana kwenye eksirei. Hesabu isipolingana, risasi hutafutwa mwili mzima. Risasi iliyo moyoni huweza kuonekana yenye kingo zisizo wazi, kwa kuwa inatikisika pamoja na mapigo. Eksirei hurudiwa muda mfupi kabla ya upasuaji, maana kumgeuza mgonjwa tu kunatosha kuihamisha. Kipimo cha MRI huepukwa ikiwa chuma chenyewe huvutwa na sumaku.

== Tiba ==

Kutokwa na damu nyingi hudhibitiwa kwanza. Risasi iliyoziba ateri ya mguu au mkono huondolewa haraka, kwa sababu misuli iliyokosa damu kwa saa 6 hivi huanza kufa. Mabonge ya damu yaliyoganda nyuma yake huvutwa kwa katheta yenye puto, iliyobuniwa na Mmarekani Thomas Fogarty mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tundu ambako risasi iliingilia mshipa nalo huzibwa.

Kwa upande wa vena madaktari hawakubaliani. Wengine huitoa kwa kitanzi kinachopitishwa kwenye vena ya kinena huku wakiangalia picha za eksirei. Marisau madogo yaliyotulia mapafuni bila dalili mara nyingi huachwa na mgonjwa kufuatiliwa. Kwamba moyo wenyewe unaweza kufunguliwa ulithibitishwa na Dwight Harken, daktari wa jeshi la Marekani aliyefanya kazi Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia: aliondoa vipande 134 kutoka moyoni, katika mishipa mikubwa na kandokando yake, bila kumpoteza mgonjwa hata mmoja.