FUNDI WA NDEGE NA SHAHADA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha kukaa, kila mmoja na daftari lake. Leo tutazungumza juu ya kazi ya fundi wa ndege, au eropleni kama wazee wetu walivyozoea kuiita. Tutajiuliza swali moja: Je, yampasa fundi huyo kutafuta shahada ya chuo kikuu?

Tuseme yupo mzee mmoja wa Chamwino. Mwanawe amemaliza kidato cha nne, amefaulu hesabu na fizikia. Tangu utoto wake huzitazama ndege zikishuka Dodoma mjini, na sasa anataka kujifunza kuzitengeneza. Mzee ana ng'ombe saba. Jirani mmoja anamwambia, "Uza wote, mtoto apate shahada. Bila shahada si kitu." Jirani wa pili anasema, "Usiuze hata mmoja. Ufundi hujifunzwa kwa mikono." Mzee amsikilize nani? Na ninyi mnajua ya kuwa hapa kwetu Ugogo, mvua ikikosa na mtama ukikauka, ng'ombe ndiyo akiba ya nyumba. Basi tusijibu kwa haraka. Tuitazame kwanza kazi yenyewe.

Mji wa Dodoma uko juu ya bahari kwa mita 1,100 na zaidi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua likiwa kali huwa nyepesi zaidi. Kwa sababu hiyo injini hupungukiwa nguvu, na mabawa pia hupata shida kuinua mzigo. Tena kuna vumbi, ambalo hula vyuma vya ndani ya injini. Fundi hutazama magurudumu, breki, rafadha, na mahali panapovuja mafuta. Hatengenezi kwa kukisia. Hufuata kitabu cha ndege ile. Kitabu kikisema nati ikazwe kwa kipimo fulani, huikaza kwa kipimo hicho, wala hazidishi wala hapunguzi. Akimaliza, huhesabu vyombo vyake vyote kabla ya kufunga kifuniko, maana spana moja ikisahaulika ndani yaweza kuua watu.

Mwisho wa yote, hutia sahihi. Sahihi hiyo maana yake ni hii: "Kazi hii imefanywa kama inavyotakiwa, ndege yafaa kuruka." Ndege ya Dash 8 Q400 ya Air Tanzania, ambayo hutua hapa Dodoma, huchukua abiria 76. Roho zote hizo zinategemea sahihi ile.

Sasa, ni nani anayeruhusiwa kutia sahihi? Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye jibu letu. Anayeruhusiwa ni mwenye leseni. Mwaka 1944 mataifa mengi yalikutana Chicago, Marekani, yakafanya mkataba juu ya usafiri wa anga. Chini ya mkataba huo zimewekwa kanuni za leseni. Fundi awe ametimiza miaka 18. Awe amefanya kazi ya matengenezo ya ndege kwa miaka 4, au miaka 2 ikiwa amehitimu mafunzo yaliyoidhinishwa. Tena afaulu mitihani, na aonyeshe ustadi wake. Hapa Tanzania leseni hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Katika kanuni hizo za mataifa, shahada haimo. Mwenye shahada asiye na leseni hawezi kutia sahihi hiyo. Na mwenye leseni naye ana mpaka wake: aliyeruhusiwa ndege ndogo haruhusiwi kwa leseni hiyo kuidhinisha ndege kubwa.

Je, jirani wa pili ndiye mwenye haki? La, si yote. Ni kweli kwamba injini ya ndege ya kwanza ya ndugu wawili Wright, iliyoruka mwaka 1903, ilitengenezwa na fundi Charles Taylor kwa muda wa wiki sita hivi. Taylor hakuwa na shahada, na ndugu wale pia hawakuwa nayo. Lakini injini ile ilikuwa ndogo sana, yenye nguvu za farasi 12 tu. Ndege za siku hizi zina mitambo ya umeme na kompyuta, na vitabu vyake vimeandikwa kwa Kiingereza. Asiyejua hesabu, fizikia na Kiingereza hatafika mbali. Kwa hiyo kukosa shahada si kukosa masomo.

Na shahada yenyewe ina faida gani? Fikirini mwashi na mchora ramani za nyumba. Mwashi hujenga, mchora ramani hupima na kukadiria kabla ya kujenga. Mhandisi wa ndege mwenye shahada hufanya mahesabu ya ubavu uliopasuka kupita kiasi kilichotajwa kitabuni, hupanga matengenezo ya ndege nyingi, au hufundisha vyuoni. Pia fundi huzeeka. Magoti huchoka kupiga usiku mzima chini ya bawa. Wakati huo shahada yaweza kumfungulia mlango wa ofisi.

Mimi nilisoma, nikapata stashahada, wala siwezi kuidharau elimu. Lakini ushauri wangu ni huu: kwa atakaye ufundi, leseni itangulie, shahada ifuate. Isitoshe, kijana wa kidato cha nne haingii shahada moja kwa moja; sharti apite kidato cha sita au stashahada. Mafunzo ya matengenezo ya ndege yapo katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975. Nchini Uganda kiko chuo cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971. Ama kijana ambaye nia yake ni kubuni ndege au kufanya mahesabu, huyo na atafute shahada mapema.

Mzee wetu asiuze ng'ombe kabla ya kuuliza Mamlaka maswali mawili: Je, mafunzo ya chuo hiki yameidhinishwa? Je, mwanafunzi atafanyia wapi mazoezi juu ya ndege zenyewe? Akipata majibu mema, na auze kwa kadiri ya ada, asimalize zizi. Akiambiwa habari za mkopo, akumbuke ya kuwa mkopo ni deni, na deni hulipwa.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Leseni na shahada hutofautianaje?
2. Kwa nini fundi huhesabu vyombo vyake?
3. Kama wewe ndiwe mzee yule, ungefanyaje? Andika sentensi tatu.

Maneno ya kujifunza:
Rafadha: panga la mbele linalozunguka na kuivuta ndege.
Kuidhinisha: kukubali kwa amri ya serikali au ya wenye mamlaka.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji, hadi somo lijalo.