Pigo la Kichwa Kazini na Haki ya Fidia

Mtu akivunjika mguu kazini, hapana abishanaye naye. Mfupa waonekana, na mwajiri, tabibu na jirani wote hukubali kwamba ameumia. Lakini ubongo umefichwa ndani ya fuvu, na madhara yake hayaonekani kwa macho. Kwa sababu hiyo wengi walioumia kichwa hukosa fidia iliyo haki yao. Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi jambo hili litokeavyo, na jinsi ya kujikinga nalo.

Ubongo ni kitu laini kielecho katika maji. Kichwa kinapogonga chini kwa ghafula, fuvu husimama, bali ubongo huendelea kwenda hata ukajigonga ukutani mwa fuvu. Mishipa midogo hukatika. Pengine damu hukusanyika polepole kati ya fuvu na utando uufunikao ubongo. Mtu huyo aweza kuzinduka, akasema na wenzake saa kadhaa, kisha akalala usingizi asiamke tena. Basi mtu akitapika mara kwa mara, au kichwa kikizidi kumwuma, au akisinzia isivyo kawaida, au akapatwa na kifafa, au mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko ya pili, na apelekwe hospitali upesi, asingojewe mpaka kesho.

Waganga wanacho kipimo kilichotungwa Glasgow mwaka 1974. Hutazama macho, maneno na mwendo wa viungo, wakatoa alama toka 3 hata 15. Mwenye alama 13 au zaidi huambiwa kwamba jeraha lake ni hafifu. Neno hilo lisitudanganye. Lapima hali ya saa ile tu, wala halisemi yatakayofuata. Hata picha ya kichwa yaweza kuonekana safi, na mtu akawa ameumia.

Tufikiri mwashi aliyeanguka kutoka jukwaani. Ameinuka, amejipangusa vumbi, amesema, "Sijambo." Nyapara hakuandika neno. Baada ya majuma matatu mwashi yule asahau vipimo, akasirikia watoto bure, na mwanga wamwumiza macho. Kazini husemwa kwamba amekuwa mvivu. Kijijini husemwa kwamba amerogwa. Yeye mwenyewe hajui kwamba amebadilika, maana chombo ambacho angekitumia kujitambua ndicho kilichoumia.

Sasa tutazame sheria ya Kenya, yaani Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Chini ya sheria hiyo mfanyakazi hana haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri amekosa. Yatosha kwamba ameumia katika kazi yake. Ampe mwajiri habari mapema, kwa mdomo au kwa barua. Mwajiri naye hana budi kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika muda wa siku 7, na mtu akifa, katika saa 24. Madai yaletwe kabla ya miezi 12 kupita. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupinga. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha njia hiyo, kwamba madai yaanzie kwa Mkurugenzi, si mahakamani.

Fidia ya ulemavu wa daima huhesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kwa kadiri ya asilimia ya ulemavu. Mathalani, apataye shilingi 20,000 kwa mwezi, akikadiriwa ulemavu wa asilimia 40, hesabu yake ni shilingi 768,000. Akikadiriwa asilimia 5, ni shilingi 96,000. Tofauti hiyo kubwa yategemea mambo ambayo tabibu ameelezwa.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Haki nayo ni vivyo hivyo. Siku ile ile ya ajali iandikwe tarehe, saa, mahali na majina ya walioona, hata kama aliyeumia asema hajambo. Aende hospitali, na karatasi zote zihifadhiwe. Mkewe, au nduguye akaaye naye, aandike kila badiliko: siku aliyopotea njia aijuayo, usiku aliokosa usingizi, kazi aliyoshindwa kuimaliza. Kisha afuatane naye kwa tabibu, aseme yale ambayo mgonjwa hawezi kuyasema.

Nanyi wenye kuajiri, msimrudishe jukwaani mtu aliyepigwa kichwa kabla tabibu hajampa ruhusa. Kuandika habari ya ajali si kukiri kosa. Ni kutimiza sheria, na huenda kukaokoa maisha ya mtu.