Mtoto Anapoanza Kuteleza Thelujini: Namna ya Kuchagua Vifaa vya Kumkinga

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Kwa anayejifunza kuteleza thelujini kwa ubao mmoja, kuanguka hakuepukiki: ataanguka mara nyingi siku ya kwanza, awe mtoto au mtu mzima. Lakini kuanguka ni jambo moja, na kuumia ni jambo jingine. Maelezo haya ni kwa familia zilizohamia majimbo ya baridi ya Marekani, kama vile Maine, Vermont na Minnesota, ambazo mtoto wao ameleta nyumbani karatasi ya shule ya kuomba idhini ya kwenda mlimani, na wazazi hawajui wanunue nini kwanza.

Kwa nini kichwa na mikono vitangulie

Katika mchezo huu miguu yote miwili hufungwa kwenye ubao, nayo haifunguki yenyewe mtu anapoanguka. Hawezi kupiga hatua ili ajizuie. Ukingo wa ubao ukikwama ghafla, hutupwa kama mtu aliyevutiwa mkeka chini ya miguu. Akianguka mbele, hutanguliza viganja, na uzito wa mwili huishia kwenye vifundo vya mikono. Ndiyo maana kuvunjika kifundo cha mkono ni miongoni mwa majeraha ya kawaida kabisa kwa wanaoanza. Akianguka nyuma, hupiga kifandugu, kisha kisogo. Basi fedha ikiwa haba, ianze kukinga kichwa, kisha mikono.

Helmeti

Chagua helmeti iliyotengenezwa kwa michezo ya theluji. Ndani yake tafuta alama ya ASTM F2040, ambayo ni kipimo cha Marekani, au EN 1077, ambacho ni cha Ulaya. Helmeti ya baiskeli haitoshi, kwa kuwa haikutengenezwa kwa maanguko ya aina hii.

Pima mzingo wa kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, sentimita 2.5 hivi juu ya nyusi, kisha linganisha na jedwali la mtengenezaji. Mtoto akitikisa kichwa, helmeti isicheze. Ukanda ukifungwa, kidole kimoja tu kipite chini ya kidevu.

Wengi wetu tumezoea kumnunulia mtoto koti kubwa ili akue nalo. Kwa koti, hiyo ni busara. Kwa helmeti, ni hatari. Helmeti kubwa husogea wakati wa kuanguka, ikaacha paji la uso au kisogo wazi. Ikiwa bei ni kubwa, ni heri kukodi inayomtosha kuliko kununua isiyomtosha. Iulize shule kama ada ya safari inajumuisha helmeti. Jihadhari na mitumba usiyoijua historia yake: pigo moja zito hulibana povu la ndani, na huenda ufa usionekane kwa macho.

Binti anayevaa hijabu avae ya kitambaa chembamba kinachovutika, ya tabaka moja, bila pini wala fundo kisogoni, na ajaribu helmeti akiwa ameivaa. Ncha za hijabu au skafu ziingizwe ndani ya koti, zisije zikanaswa kwenye viti vya kupandia mlimani.

Kinga za vifundo vya mikono

Hizi zina vipande vigumu vinavyozuia kifundo kisipinde kupita kiasi. Nyingine huvaliwa ndani ya glovu, nyingine zimeshonewa humo. Kwa hiyo zijaribiwe pamoja na glovu. Zisibane hata vidole vikafa ganzi. Mfundishe mtoto pia kufumba ngumi na kuangukia vigasha, asitangulize viganja. Suruali fupi yenye sponji ya kukinga nyonga na kifandugu, pamoja na kinga za magoti, zifuate uwezo ukiruhusu.

Macho, mwili na miguu

Theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miali ya urujuanimno. Miwani ya theluji inayoizuia miali hiyo ihitajike hata siku ya mawingu. Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu au poliesta, kwani pamba ikilowa haihifadhi joto. Soksi iwe jozi moja tu. Katika buti, vidole viguse mbele kidogo bila kubanwa, na kisigino kisiinuke.

Akipigwa kichwa

Helmeti hupunguza ukali wa pigo, lakini haizuii kila mtikisiko wa ubongo. Kwa hiyo aanze na mwalimu, kwenye mteremko mdogo. Akipigwa kichwa, aache mchezo siku hiyo, hata akisema yu salama, na aonwe na mganga. Akizimia, akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akipata degedege, au maumivu ya kichwa yakizidi, piga simu 911 mara moja. Msichelewe kwa kuogopa gharama: tangu mwaka 1986 sheria ya Marekani inazitaka hospitali zenye idara ya dharura zinazopokea malipo ya Medicare zimpime na kumtuliza mgonjwa wa dharura hata kama hana bima. Ombeni pia mkalimani wa Kiswahili. Msimwachie mtoto kazi ya kutafsiri.