Je, Wajua? Misuli, Sindano na Disko

Je, wajua kuwa miaka ya 1980, Waganda walipouita UKIMWI "Slim" (mwembamba), wanaume wapenzi wa jinsia moja wa New York na San Francisco nao waliogopa sana kukonda? Mashavu yakibonyea, majirani hawakusubiri majibu ya maabara. Madaktari wakawaandikia wagonjwa testosteroni ili nyama zirudi, na mwaka 1996 Marekani ikaidhinisha homoni ya ukuaji kwa kazi hiyohiyo. Kifua kipana kikawa tangazo la afya. Dawa madhubuti za VVU zikaja, watu wakanenepa, lakini kifua kikabaki sharti.

Kwamba GHB, kimiminika kinacholewesha katika karamu za London, kilipitia jimu kwanza? Mfaransa Henri Laborit aliichunguza kama dawa ya nusukaputi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye watunisha misuli wa Marekani wakainunua madukani wakiamini inaongeza homoni ya ukuaji, hadi ilipopigwa marufuku kuuzwa hivyo mwaka 1990. Ukiichanganya na pombe, pumzi inaweza kukatika usingizini.

Kwamba methamfetamini, iliyotengenezwa Japani mwaka 1893, iliwahi kuandikwa na madaktari wa Marekani kama kidonge cha kupunguza unene? Inaua njaa. Kwa mwanaume anayekichukia kitambi chake, huo ni mtego wa pili juu ya ule wa starehe.

Kwamba mtafiti Harrison Pope na wenzake, mwaka 1993, waliwaelezea wanyanyua vyuma waliojiona vimbaumbau ilhali wamejaa misuli? Pope huyohuyo alipima wanasesere wa G.I. Joe: mkono wa yule wa 1964, ukikuzwa hadi kimo cha mtu, ulikuwa na mzunguko wa sentimita 31, wa miaka ya 1990, 68. Ni vigumu kumpata binadamu wa hivyo.

Kwamba ukijidunga testosteroni, ubongo huziamuru korodani zipumzike, nazo husinyaa? Uanaume wa kununua una bei yake.

Kwamba tafiti nyingi za Magharibi zinawakuta mashoga na wanaume wanaopenda jinsia zote mbili wakilalamikia miili yao, na kutumia dawa za kulevya, zaidi ya wanaume wengine? Mtafiti Ilan Meyer aliandika mwaka 2003 kuwa kubaguliwa na kujificha huchosha akili. Sioni haja ya kutafuta mchawi mwingine.

Na kwamba vituo vya Uingereza vya kugawa sindano safi, vilivyoanzishwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, sasa hupokea foleni ya watu wa jimu?